Mshipa Umenishika, Daktari

Nilikuwa tayari nimekishika kichwa chake. Kiganja kimoja chini ya kisogo, kingine kwenye taya, naye amelala chali, macho kayafumba, anasubiri mlio. Fundi wa magari kutoka Grogan, miaka 41, shingo nene, mikono yenye ile harufu ya grisi isiyosikia sabuni. Alichokitaka alikuwa amekisema tangu mlangoni: “Daktari, mshipa umenishika hapa. Alisha mara moja tu, niende zangu.”

Watu wa Nairobi wamezoea kualishwa shingo. Ukienda kinyozi, baada ya kunyolewa unapanguswa uso kwa taulo la moto, unapakwa spiriti, unakandwa mabega, halafu kijana anakukamata kichwa na kukizungusha: kah kulia, kah kushoto, na yote hayo yamo ndani ya bei ya kunyoa. Sasa mtu akija kwangu mimi fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye wagonjwa humwita daktari, na kulipa mara kadhaa ya bei ile, anategemea angalau mlio mkubwa zaidi. Huyu fundi hata alinieleza bila kuficha kwamba amekuja kwa sababu kinyozi wake amesafiri.

Kabla sijavuta nilimuuliza swali moja, na nikiri kwamba lilinitoka kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema “haya” kabla ya kuinua ndoo. Imewahi kukushika hivi?

“Shingo yangu hushika kila mara, daktari. Lakini hii si ile.”

Nikaiondoa mikono.

Ingekuwa miaka mitano nyuma, ningevuta. Najua ningevuta, kwa sababu wakati huo nilimkanda mzee mmoja wiki sita nzima, ugonjwa wake ukinipungia mkono pale kwenye meza ya malipo, nami nacheka.

Mzee alikuwa dereva mstaafu wa matatu za Githurai, miaka 58. Alikuja mwenyewe, bila barua ya daktari, kama wanavyokuja wengi siku hizi. Hilo lina maana yake: mtu wa kwanza kumuuliza maswali ya maana nilikuwa mimi, na kama sikuuliza, hakuna mwingine aliyeuliza. Shingo ngumu, akasema, na vidole vinamfanya ganzi. Mikono yote miwili. Nikamlaza, nikabonyeza upande wa shingo, akaruka: “Hapo hapo!” Nikaandika kwenye faili kwamba ni neva iliyobanwa.

Mikono yote miwili! Neva ikibanwa inapotokea shingoni, kwa kawaida mgonjwa hulalamikia mkono mmoja. Miwili ikifa ganzi kwa pamoja, nywele zinapaswa kukusimama. Nililijua hilo, nimelifanyia mtihani na kupita. Lakini nilikiamini kidole gumba changu. Shingo ya mtu aliyekaa nyuma ya usukani miaka 30, ukiibonyeza popote itauma, na kuuma kwake hakukuambii kwamba hakuna kitu kingine chini yake.

Kila tulipomaliza, mzee alisimama mapokezi kulipa kwa M-Pesa. Alikuwa na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Anaandika namba ya till, anafuta, anaandika tena. Kidole gumba kinatua katikati ya vitufe viwili, kinachagua kisichofaa. Namba ya siri inakataliwa. Anaifuta simu kwenye koti, anasema imeshika mafuta. Wiki ya tatu akakosea mpaka akafungiwa, ikabidi mjukuu wake alipe. Nikamtania: “Mzee, leo umesahau namba ya siri, kesho utasahau nyumba.” Akacheka, nikacheka, msichana wa mapokezi naye akacheka.

Wiki ya nne alianza kuja na malapa. Huyu ni mtu aliyekuwa akija na viatu vya kamba vimeng'arishwa mpaka unajiona. Ilikuwa Februari, nikadhani ni joto.

Wiki ya sita tulikuwa na mwanafunzi wa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, siku yake ya tatu pale. Mzee alipotoka kuelekea chooni, mwanafunzi akaninong'oneza: “Samahani, mwalimu, yule mzee amekunywa?” Nikamuuliza kwa nini. “Anatembea ametanua miguu. Na anaiangalia sakafu kama haiamini.”

Nilimrudisha mzee, nikamketisha, nikafanya yale niliyopaswa kuyafanya siku ya kwanza. Nilimwambia afumbe na kufumbua ngumi haraka kwa sekunde 10. Mwenye mikono mizima hufikisha 20 au zaidi. Yeye alifika 11, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinachelewa kufunguka, kama mlango wenye bawaba mbovu. Nikakishika kidole chake cha kati, nikaufyatua ukucha: gumba lake likajikunja lenyewe. Nikapitisha mpini wa nyundo ya mpira chini ya wayo: dole gumba la mguu likapanda juu, wakati la mtu asiye na tatizo hushuka. Nikamwomba atembee kwenye mstari wa vigae, kisigino mbele ya vidole. Hatua ya tatu akashika ukuta.

“Na nikiinamisha kichwa,” akasema, kama anayenisimulia habari za jirani, “kuna stima inapita mgongoni mpaka miguuni.”

Tangu lini?

“Kabla hata sijaja hapa.”

Mzee, mbona hukuniambia?

“Uliniuliza kuhusu maumivu. Hiyo haiumi.”

Kilichokuwa kimebanwa ni ugwe mgongo wenyewe, ule mkanda wa neva unaopita katikati ya pingili. Sahani za shingo, yale matakia ya kati ya pingili, zilikuwa zimechakaa na kutokeza, mifupa imeota ncha, na nafasi ya ugwe imebaki kama ya uzi kwenye tundu la sindano. Picha ya MRI ilionyesha hivyo, na daktari wa upasuaji hakunificha: upasuaji wa namna hii hufanywa zaidi ya yote kuzuia hali isiendelee kuharibika, na kilichokwisha kupotea huenda kisirudi chote. Alipasuliwa. Anatembea na bakora. Vifungo vya shati anafungiwa na mkewe. Wiki sita zangu ni sehemu ya vifungo hivyo, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na mzee mwenyewe hunisalimia kwa furaha kuliko ninavyostahili.

Baadaye nililitoa faili lake. Ukurasa wa kwanza una fomu ya dalili za hatari, visanduku vyake vyote nimevitia alama ya “hapana” siku ile ya kwanza. Mwandiko unaonyesha nilivyokuwa na haraka: alama tano za mwisho ni mstari mmoja uliopigwa kutoka juu hadi chini. Na hata kama ningeijaza vizuri, ilikuwa ni picha ya siku moja. Dalili za mzee zilikuwa zinakua mbele yangu kila Jumanne, na fomu ilikuwa imekwisha kufungwa.

Basi turudi kwa fundi wa Grogan, ambaye tumemwacha amelala chali na sasa amefumbua macho, anashangaa mlio uko wapi.

Kiswahili chetu kimelibebesha neno mshipa kazi nyingi mno. Mshipa wa damu ni mshipa. Neva ni mshipa. Kano ni mshipa, msuli uliokaza ni mshipa, na ukishuka Pwani, ngiri nayo ni mshipa. Mgonjwa akisema mshipa umemshika, sikio la fizio linasikia msuli, kwa sababu msuli ndio biashara yake. Fundi aliponiambia nami nikasikia hivyo hivyo. Kumbe safari hii mgonjwa alikuwa amelitumia neno sawasawa.

Nikamketisha. Hii si ile, kivipi? Akasema ile ya kila mara huuma nyuma na begani, na akijinyoosha inaachia. Hii iko mbele, pembeni ya koo, na inapanda mpaka nyuma ya jicho la kushoto, na kichwa cha namna hii hajawahi kuumwa maishani. Ilianza siku nne nyuma. Alikuwa chini ya lori anashusha giaboksi, shingo kaipinda, giaboksi ikateleza akaidaka. Wiki iliyotangulia alikuwa na mafua makali. Kizunguzungu? Hapana. Kuona vitu viwili viwili? Hapana. Kumeza shida, ulimi mzito, kuanguka ghafla, uso kufa ganzi? Hapana, hapana. Hapo ndipo ningeweza kuridhika. Halafu akaongeza: “Ila usiku nikilala, sikio hili linasikia kama mtu anagonga bati mbali.”

Nikamwambia anigongee kitandani kwa kidole vile anavyosikia. Akaanza: tu, tu, tu. Nikaushika mkono wake mwingine, vidole vyangu kwenye mapigo ya damu. Kidole chake na mapigo yake vilikuwa vinakwenda pamoja.

Nikamtazama vizuri usoni. Kope ya kushoto ilikuwa imelala kidogo, milimita mbili hivi, kiasi ambacho ungesema kijana kachoka. Nikamwomba kitambulisho nilinganishe, lakini picha ya kitambulisho haisaidii kitu, pale kila Mkenya anafanana na mtuhumiwa. Tukafungua simu yake, tukaipata picha ya harusi ya shemeji yake, wiki mbili nyuma: macho yote mawili wazi, sawa kwa sawa. Nikafunga pazia, nikazima taa, nikamulika tochi kwa mbali, kutoka chini ya kidevu. Mboni ya kulia ilikuwa imetanuka kama inavyofaa gizani. Ya kushoto imebaki ndogo, kama kichwa cha pini.

Nyuzi za neva zinazosaidia kuinua kope na kupanua mboni hupanda kichwani zikiwa zimeuzunguka ukuta wa ateri kubwa ya mbele ya shingo. Ateri ikichanika kwa ndani, damu ikajipenyeza kati ya tabaka zake, ukuta huvimba na nyuzi zile hubanwa. Ndiyo maana jicho hutoa habari za shingo. Na hatari haiko kwenye jicho: damu huganda pale palipochanika, kipande kikang'oka na kupanda kwenye ubongo. Kiharusi, kwa mtu wa miaka 41. Kati ya maumivu ya kwanza na kiharusi zinaweza kupita saa, siku, hata wiki, na katikati hapo mgonjwa anatafuta mtu wa kumkanda.

Presha ilikuwa 168 kwa 100. Ile mashine hukaa juu ya kabati, na kwa miaka mingi ilikuwa pambo.

Akakataa kwenda hospitali. Alikuwa na Probox ya mtu imekaa juu ya mawe, mwenyewe anaitaka jioni. Nikamweleza kwa lugha ya kazi yake: paipu ya raba imebanduka utando wa ndani, nje inaonekana nzima, na wewe unaniambia niikunje kwa nguvu nione kama italia. Akanyamaza kidogo. “Hiyo paipu hubadilishwa, daktari.” Nikamwambia hii haina spea. Ndipo akampigia mkewe.

Daktari wa zamu niliyempata kwenye simu aliniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi, tangu lini fizio wanapima macho. Nisingependa kumlaumu sana. Lakini tangu siku ile nimejifunza kuandika barua fupi, na mstari wa kwanza hauna salamu: mwanamume miaka 41, maumivu mapya ya shingo na kichwa siku nne baada ya kujitonesha, kope ya kushoto imelala, mboni ndogo, nashuku ateri imechanika, naomba picha ya mishipa ya damu leo. Neno “leo” nalipigia mstari. Nilimpakia kwenye teksi pamoja na mkewe, maana alikuwa ameanza kuita boda.

Ilikuwa imechanika. Alipewa dawa za kuzuia damu isigande, akarudi kazini baada ya miezi kadhaa, na hapigi tena mbizi chini ya lori bila kijana wa kumsaidia. Kinyozi wake, aliniambia, amekatazwa kumgusa kuanzia masikio kwenda chini.

Chuoni tulifundishwa kumlaza mgonjwa, kukigeuza kichwa chake nyuma na pembeni, kukishikilia hapo huku ukiyatazama macho na kumwambia ahesabu. Asipopata kizunguzungu, una ruhusa ya kuendelea. Nililifanya jaribio hilo miaka mingi, na lilinipa amani nisiyostahili. Halitambui vizuri mwenye hatari na asiye nayo, na mwongozo wa shirikisho la kimataifa la wenzetu wa tiba ya mikono, IFOMPT, uliotoka 2012, uliporekebishwa 2020 uliacha kulipendekeza. Kilichobaki ni kazi ya kuchosha zaidi: kuuliza, kupima presha, kupima neva za kichwa, kuutazama uso, halafu kupima uzito wa vyote hivyo pamoja. Fundi wangu angelifaulu jaribio la zamani bila shida. Hakuwa na kizunguzungu hata chembe.

Kuuliza kwenyewe nimelazimika kujifunza upya. Kuna mama alikuja na shingo inayouma usiku kuliko mchana. Nilimuuliza kama amewahi kuugua saratani, akasema hapana. Wiki iliyofuata nilimwomba aniletee mfuko wake wa dawa, na humo ndani, kati ya dawa za presha na vidonge vya tumbo, kulikuwa na kadi ya zamani ya kliniki ya matiti. Alikuwa amekatwa titi miaka sita nyuma. Hakunidanganya: kwake ile saratani ilikatwa na kutupwa, haikuwa tena yake, na tena mimi nilikuwa nimemwuliza habari za shingo. Saratani ya titi ni mojawapo ya zile zinazopenda kuhamia kwenye mifupa. Siku hizi nauliza: umewahi kupasuliwa wapi? Nitolee dawa zote mezani. Wala siulizi “umepungua?”, maana mjini hapa hiyo ni sifa na mtu atakushukuru. Nauliza mshipi umehamia tundu la ngapi.

Na kuna binti wa miaka 22, ambaye sikuhitaji kumuuliza kitu. Alipotaka kuinuka kutoka kitandani, alikishika kichwa chake kwa mikono miwili, akakibeba pamoja naye taratibu, kama mtu anayehamisha sufuria ya uji iliyojaa pomoni. Sikumgusa tena. Kola ya kushikilia shingo, barua, hospitali. Ilikuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili za juu kabisa. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, shingo ya kijana inayouma mwezi mzima, yenye homa za jioni na jasho la usiku, si jambo la kukandwa. Hali kadhalika kichwa kinachouma wiki tatu kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka: hapo nawaza homa ya uti wa mgongo kwanza, misuli baadaye sana. Wa ajali za boda siwagusi kabla ya kujua walivyoanguka, na akiwa na ganzi au amefikisha miaka 65, anapita eksirei kwanza.

Wasusi wa Ngara nao huniuliza kama zile karai za kuoshea nywele ni mbaya. Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani, Weintraub, aliandika katika jarida la JAMA juu ya wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya shingo kuning'inizwa nyuma kwenye karai kama hizo. Ni nadra sana, nawaambia, ila weka taulo, na mteja akisema kichwa kinazunguka, usimwambie avumilie.

Mwanafunzi yule wa KMTC sasa ana kliniki yake, na hunitumia wagonjwa.

Pale kwangu nimefanya badiliko moja ambalo wenzangu hulicheka. Meza ya malipo nimeihamisha, nimeileta mbele ya mlango wa chumba changu, na mgonjwa akilipa nami nasimama pale. Wiki iliyopita mama mmoja wa makamo, muuza mitumba wa Gikomba, alikuwa anaandika namba ya siri, polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Aligundua sibanduki, akaificha simu kifuani.

“Daktari, unaangalia nini?”

“Vidole, mama.”

“Mimi nakujua,” akasema, na akanigeuzia mgongo ili alipe.

Nikautazama mgongo wake alipokuwa anatoka, kisha miguu. Ilikuwa inatembea vizuri tu.